Takrima katika Biashara ya Kale

Mfanya biashara humshukuru mshitiri wake kwa njia nyingi. Mchuuzi wa sokoni, akiisha kupima maharagwe, hutia kiganja kimoja zaidi, nacho huitwa nyongeza. Mwenye duka humpa mnunuzi kiti na kikombe cha kahawa. Desturi ya namna hii si ngeni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Habari zake zimeandikwa tangu miaka ipatayo elfu mbili iliyopita.

Katika karne ya kwanza, mfanya biashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Humo aliieleza pwani hii hata Rhapta, soko lake la mwisho, ambalo wataalamu wengi hudhani lilikuwa katika Tanzania ya leo. Wafanya biashara wa Muza, bandari ya Yemeni, walileta mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo, wakarudi na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Lakini kwa baadhi ya masoko hayo walichukua pia ngano na mvinyo, tena si kidogo. Mwandishi asema wazi kwamba vitu hivyo havikuwa vya kuuzwa, bali vya kupata mapenzi ya wenyeji.

Je, hiyo ilikuwa shukrani, ama chambo? Zawadi yenyewe haiwezi kutujibu. Nia ya mtoaji hujulikana kwa yale yafuatayo baada ya zawadi kupokewa, na kwa hayo yatupasa tutazame Mogadishu.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika huko mwaka 1331. Alisimulia kwamba jahazi ilipoingia bandarini, vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa chakula mfanya biashara mmoja, akatangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa amekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka.

Bila shaka mwenyeji naye alipata faida. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walakini takrima hiyo ilikuwa na sharti kubwa. Mtu akinunua mali ya mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Chakula kililiwa kikaisha siku ile ile, lakini sharti lile lilimlinda mgeni muda wote aliokaa mjini.

Hapo ndipo takrima na hongo zinapoachana. Hongo hutolewa ili mtu asiangalie dhuluma inayotendeka. Takrima ya Mogadishu ilikwenda pamoja na kumlinda mgeni asidhulumiwe. Kijana atakayefungua duka kesho na alikumbuke jambo hili: kiganja cha nyongeza ni shukrani ya kweli iwapo kipimo cha kwanza kilikuwa kamili.