Wagikuyu wa Dagoretti na kupotea kwa uhuru wao

BARABARA ya Waiyaki, inayotoka Westlands na kupitia Kangemi hadi Kabete, magharibi mwa jiji la Nairobi, ina jina la Waiyaki wa Hinga. Huyu alikuwa kiongozi wa Wagikuyu wa Dagoretti wakati Waingereza walipoanza kujipenyeza huko.

Wagikuyu hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na mabaraza ya wazee, na Waiyaki alikuwa mmoja tu wa waliosikizwa. Hivyo basi, hakuwa na mamlaka ya kuitoa nchi kwa niaba ya wote. Mnamo Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alikula naye kiapo cha udugu, kisha akajenga boma Dagoretti. Kampuni ilitaka mahali pa kununulia chakula cha misafara iliyoelekea Uganda.

Mgeni njoo mwenyeji apone, hunena wahenga. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Watu wa misafara walipora mazao mashambani, uhasama ukazuka, na mwaka wa 1891 boma hilo likahamwa na kuteketezwa. Mwaka huo huo kampuni ilirejea na kujenga Fort Smith, Kabete. Sasa jirani huyo alikuwa na bunduki, na aliweza kutwaa kwa nguvu chakula ambacho awali alikinunua.

Mnamo Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa baada ya makabiliano ngomeni humo. Alifariki Kibwezi akipelekwa pwani.

Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nafasi ya kampuni na kutangaza himaya yake. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, wakati njaa na ndui vilikuwa vikiangamiza watu wengi. Mashamba yaliyoachwa yalihesabiwa kuwa hayana wenyewe, na walowezi wakagawiwa.

Kilichosalia kilikamilishwa na sheria. Mwaka wa 1921, Mahakama Kuu ya koloni ilifasiri Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 kuwa Waafrika walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote. Kutoka kiapo cha Dagoretti hadi uamuzi huo ilikuwa miaka 31.