Usafiri wa rufaa wa mtoto mchanga

Usafiri wa rufaa wa mtoto mchanga ni kumhamisha mtoto wa chini ya siku 28 aliye mahututi kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali yenye wataalamu na vifaa vya kumhudumia. Wanaohamishwa mara nyingi ni njiti (waliozaliwa kabla ya wakati), waliochelewa kupumua walipozaliwa na wenye maambukizi makali.

Nchini Tanzania kazi hii huratibiwa na mfumo wa m-mama, ambao pia huwahudumia wajawazito na waliojifungua. Mhudumu hupiga 115 bila malipo. Mratibu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Hapo ndipo penye nguvu ya mfumo: familia haianzi kuchangisha nauli usiku.

Hata hivyo, gari peke yake halitoshi. Mtoto huimarishwa kwanza: njia ya hewa husafishwa, sukari ya damu hupimwa, oksijeni huwekwa inapohitajika. Joto la mwili linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, nalo hushuka upesi safarini. Pasipo mashine ya joto, mtoto aliyetulia kiasi hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevishwa kofia, soksi na nepi tu. Muuguzi husindikiza akiwa na ambu (mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua) na barua ya rufaa, huku hospitali inayopokea ikiwa imekwisha kuarifiwa.