Sifa za Lazima na Sifa za Hiari: Kinjeketile na Uumbaji wa Mhusika

Wanafunzi wengi wa fasihi wakiulizwa juu ya mhusika huorodhesha tu: ni shujaa, ni mzalendo, ni mvumilivu. Basi, wamemaliza. Makala haya yanadai kuwa orodha ya namna hiyo inachanganya vitu viwili: uwezo ambao mhusika anatarajiwa awe nao, na tabia ambayo muumbaji wake anamwongezea kwa hiari.

Tofauti hii hata watoto wanaijua. Pale Sigino, Babati, wakicheza baba na mama, kwanza wanagawana nafasi. Baba lazima alete chakula. Lakini awe mkali, mwoga au mcheshi, hapo anaamua mchezaji mwenyewe. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson waliutungia mchezo wa kuigiza nafasi kanuni za kitabuni, wakauita Dungeons & Dragons. Mhusika alipimwa kwa dadu katika mambo 6: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu na haiba. Tabia, kwa sehemu kubwa, iliachwa kwa mchezaji. Mwaka 1986 Steve Jackson, katika GURPS, akamruhusu mchezaji ampe mhusika udhaifu, mathalani woga, na kwa udhaifu huo apate pointi za kununulia uwezo zaidi. Kumbe kasoro nayo ina thamani!

Kwetu jambo hili lilikuwa limekwisha kuonekana katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kinga. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hussein asingeweza kumnyang'anya pepo Hongo, maji, wala uwezo wa kuunganisha makabila. Bila hivyo si Kinjeketile tena. Alichomwongezea ni shaka. Kinjeketile wa jukwaani anaanza kuihoji sauti iliyomjia: je, Wajerumani waondoke ili watu wawe chini ya Seyyid Said? Anawaambia wangoje. Hawangoji.

Wapo wanaosema eti hapo mwandishi kapotosha historia. Lakini Hussein mwenyewe alikwisha tahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule mtu wa historia. Swali la maana ni hili: shaka ile inafanya kazi gani?

Hebu iondoe. Utabaki na mhusika bapa, mtenda miujiza tu, na wale waliokufa katika vita hivyo hadi 1907, ambao makadirio yao ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa, watabaki kuwa watu waliodanganywa na mganga. Irudishe, na utamwona mtu asiye na hakika na maji yake mwenyewe, ambaye hata hivyo gerezani anakataa kuyakana, kwa sababu kuyakana ni kuviambia vizazi vijavyo kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Mwenye imani kamili angekataa bila shida. Kwa mwenye shaka, kukataa kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo inayomfanya awe mhusika duara.

Kwa hiyo tunapohakiki mhusika tuulize mambo mawili: jamii ilimtarajia aweze nini, na mwandishi alimwongezea nini ambacho hakuna aliyekitarajia? Jibu la kwanza linatuambia mhusika ni nani. La pili linatuambia kwa nini kisa chake kiliandikwa.