Kupiga grisi

Fundi aliyelala chini ya Land Cruiser pikapu, akihudumia propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), hasemi anapaka grisi. Anapiga grisi. Mhariri mwenye kalamu nyekundu atataka kumsahihisha, lakini fundi ndiye mwenye haki. Kupaka ni kazi ya juujuu: mafuta mwilini, chokaa ukutani. Grisi ya propela haikai juu; husukumwa ndani kwa bomba kupitia nipeli, kitundu chenye kichwa kidogo cha chuma. Kwanza nipeli hufutwa kwa kitambaa, la sivyo mchanga huingia pamoja na grisi. Kwenye krosi, kiungo cha msalaba chenye ncha nne, hupigwa mpaka ya zamani, nyeusi, ichungulie kwenye sili zote nne.

Kwenye sehemu ambapo propela hurefuka na kufupika gari likiruka mashimo, kiasi hubadilika. Hapo hupigwa kidogo tu, kwa sababu grisi ikijaa, shafti hukosa nafasi ya kurudi ndani, na msukumo wake huishia kwenye beringi za transfa kesi na difu. Kwa hiyo mafundi husema "piga kidogo" au "piga mpaka itoke", kila neno na mahali pake.

Mwenye gari, ukiona risiti imeandikwa "kupaka grisi", chungulia kwanza chini ya gari kabla hujalipa.