Gari la Kurejeshwa: Neno na Deni Lake

Katika matangazo ya magari ya kale huko Uingereza, maneno mawili hupandisha bei ya chuma chenye kutu: "restoration project". Wengi wetu tungeandika "mradi wa ukarabati". Tafsiri hiyo inapotosha mara mbili.

Kwanza, mradi. Kwetu anayeanzisha mradi, uwe wa kuku au wa matofali, anatazamia faida. Pili, ukarabati. Darasa likikarabatiwa, linalotakiwa ni lifae tena. Hakuna anayedai mabati yawe ya aina ileile ya zamani. Mkataba wa Turin, ulioridhiwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unatenganisha matengenezo ya kulifanya gari litembee na kazi ya kulirudisha katika hali liliyokuwa nayo zamani. Kazi hiyo ya pili naiita urejeshaji, na gari lenyewe, gari la kurejeshwa.

Chukua Jaguar E-Type, gari lililozinduliwa Geneva Machi 1961 na kuundwa Coventry hadi 1974. Nyuma ya injini halina chesisi. Bodi ndiyo inayobeba uzito, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika maboksi ya bati chini ya milango. Maji yakituama humo, kutu hula kutokea ndani huku rangi ya nje ikimeta. Pitisha sumaku: isiponata, hapo pana puti, si bati. Kwa gari la wazi, maboksi yakioza bodi hulegea katikati na milango hugoma kufunga. Fundi hulifunga kwanza vyuma vya kulishikilia ndipo akate, la sivyo umbo lake limepotea.

Gari kama hilo, lililokaa juu ya mawe miaka mingi, huuzwa kana kwamba limebakiza rangi tu.

Hapo neno letu linasema kweli. Kurejesha ni kulipa pia. Kila mwanakikoba anajua marejesho. Kila masika gari lilipoachwa mvuani, mwenyewe alikopa. Bei ya haki ni thamani ya gari lililokamilika, ukitoa gharama ya kulirejesha. Muuzaji asiyeitoa gharama hiyo anamtwisha mnunuzi deni la mwingine. Mnunuzi mwenye nia na mwenye fundi, akiiona bei hiyo, anaondoka, na gari linazidi kuoza.

Magari haya yanastahili kuokolewa. Tuyaite ya kurejeshwa, ili mnunuzi aulize mapema: marejesho ni kiasi gani, na nani aliyekopa?