Je, moja ni namba tasa?

Namba tasa, twafunzwa, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7. Basi 1 je? Wagiriki wengi wa kale hawakuihesabu hata kuwa namba. Kwao ilikuwa chanzo cha namba. Mwaka 1742 Goldbach, akimwandikia Euler, aliitia kwenye kundi la tasa. Orodha ya Lehmer ya 1914 nayo ilianza na 1.

Shida ni hii, jamani. 6 hupatikana kwa tasa 2 mara 3, basi. Ukiiita 1 tasa, 6 ni pia 1 mara 2 mara 3, au 1 mara 1 mara 2 mara 3, hadi uchoke. Kanuni ya mchanganuo mmoja tu inaporomoka. Ndiyo maana wanahisabati waliitoa. Kwa hivyo fasili yetu iongezwe maneno matatu: "kubwa kuliko moja".