Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Wavuvi wa Bukoba, 2022

Mwanafunzi mpendwa, bila shaka umekwisha kuikariri methali hii. Leo tuipime kwa historia, katika ziwa letu wenyewe: Ziwa Victoria, linalogusa Majanji upande wa Busia ya Uganda na Port Victoria upande wa Busia ya Kenya.

Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilijaribu kutua mjini Bukoba, Tanzania, katika hali mbaya ya hewa. Ikaanguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Waliowahi kufika ni wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia jinsi walivyoupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka. Abiria wakatolewa, wakapandishwa mitumbwini, wakavushwa hadi nchi kavu. Baadaye wananchi na waokoaji waliifunga ndege kamba, wakaivuta kuelekea ufukweni. Watu 24 walinusurika. 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

Usidhani jambo hili ni la vijiji vya wavuvi tu. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka jijini New York, maelfu kwa maelfu ya watu walijikuta wamekwama katika kisiwa cha Manhattan. Manahodha wa feri, matishari na boti za matembezi walianza kuwapakia hata kabla ya Walinzi wa Pwani kutoa wito redioni. Kwa muda wa saa tisa hivi walivusha watu wapatao 500,000. Huko nako, fimbo iliyofaa ilikuwa ile iliyo mkononi.

Lakini je, ujasiri pekee watosha? Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Baadhi ya abiria walikuwa hai ndani, wakipumua hewa iliyobaki. Waokoaji walipolitoboa tumbo la meli ili wawatoe, hewa ile ikatoroka na meli ikazama. Nia ilikuwa njema. Maarifa na vifaa ndivyo vilivyokosekana.

Hapa ndipo penye somo la uraia. Baada ya ajali ya 2022, serikali ya Tanzania ilimzawadia Majaliwa fedha na kumpa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni heshima aliyostahili. Hata hivyo, kumsifu mvuvi kusiwe njia ya kusahau wajibu wa dola. Raia hutoa mtumbwi na moyo wake; serikali nayo inapaswa kutoa mafunzo, maboya na boti zenye mafuta, tena kabla ya ajali. Wakazi wa Bunyala, ambao hukimbia kwa mitumbwi Mto Nzoia unapofurika, wanalijua hitaji hilo vyema.

Maswali ya kutafakari

1. Mahali unapoishi, nani angefika kwanza maafa yakitokea?
2. Je, mtu huyo amewahi kufundishwa na kupewa vifaa? Kama hapana, ni kiongozi gani anayepaswa kuulizwa?

Msamiati

Kasia: ubao wa kuendeshea mtumbwi.
Kunusurika: kutoka salama katika hatari.
Kufurika: kujaa maji hadi kumwagika nje.